Sitatia Sahihi Mara ya Pili

Sirwat, Visiwa vya Kei
3 Februari 2014

Mpwa wangu Yustina,

Naomba radhi kwa ukimya wa miaka minne. Barua yako ya mwisho niliirudisha kwako ikiwa imejaa alama za wino mwekundu, na tangu siku hiyo hukuandika tena, nami nikajifanya naamini kwamba ni zamu yako. Haikuwa zamu yako. Aliyekosa ni mimi. Hata hivyo, makosa niliyoyapigia mstari yalikuwa makosa.

U hali gani? Kifua chako kinaivumilia hewa ya Jakarta? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto hulalamika ninapopanda ngazi za kanisa, lakini linapanda. Jirani yetu Mama Salma bado anaanika muhogo wa enbal mbele ya mlango wake, na bado anawatukana kuku wangu kwa majina ya watu waliokufa. Amesema nikusalimie, na nikuulize kama huko mjini umepata mume au bado unalala na ramani.

Sikuketi kuandika ili nikupe habari za kuku. Wiki iliyopita ilikuja mashua ya injini mbili, ikashusha watu wanne Kule, kisiwa chetu cha makaburi. Walichomeka vijiti vyekundu kuzunguka kisiwa chote, hata katikati ya makaburi. Kisha mkubwa wao, Bwana Hendrawan, akaja kijijini na karatasi. Ni mtu mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Karatasi yake inasema kwamba kampuni imekodishiwa kisiwa kile kwa miaka thelathini, ijenge nyumba arobaini za watalii juu ya maji. Inakiita "kisiwa kisicho na jina, kisichokaliwa na watu."

Mkuu wa kijiji alipomwambia kuna makaburi, alijibu kwamba kama yapo yatahamishwa kwa heshima.

Mama Salma akasema, "Makaburi si magunia ya muhogo, bwana, uyasukume kwa toroli."

"Mama, ramani yangu haionyeshi makaburi."

"Basi ramani yako haina macho."

Mama yako amelala kule. Babu yako amelala kule, na baba yake. Tumefunga kuti changa la mnazi kwenye mti wa pwani, hawear yetu, na hakuna mtu wa Kei atakayelipita bila ruhusa. Lakini Hendrawan si mtu wa Kei.

Wewe unafanya kazi katika nyumba ambamo visiwa vya nchi hii vinahesabiwa. Nataka umtafute mtu aliyeandika maneno yale, "kisicho na jina, kisichokaliwa na watu," kisha unipe jina lake na anwani yake. Nitamwandikia, wala sitamstahi.

Mjomba wako,
Paskalis


Jakarta
24 Februari 2014

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa nilipoifungua bahasha moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyeitwa ubaoni. Mimi mzima. Kifua kinakohoa wakati wa mvua na kunyamaza wakati wa jua. Mwambie Mama Salma ramani hazikoromi.

Umeniagiza nimtafute aliyeandika maneno yale. Nimempata.

Ofisini kwetu kuna orodha ya visiwa zaidi ya elfu kumi na saba. Kila kisiwa kina fomu yake, na fomu za visiwa vyetu vya Kei zimo katika kabati la ghorofa ya tatu, ambalo halifunguki mpaka ulipige teke. Nililipiga. Fomu ya Kule ilijazwa mwaka 2006. Mahali pa jina pameandikwa: Hakina jina. Mahali pa wakazi pameandikwa: Hakuna. Mahali pa shahidi pana sahihi ya Paskalis Renwarin, mwalimu. Si sahihi peke yake, mjomba. Fomu nzima ni mwandiko wako. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii anayeipa herufi R mkia wa namna ile.

Nilikaa sakafuni. Mlinzi aliponiuliza kama naumwa, nilimwambia ndiyo.

Mama yangu yuko kule, na wewe ndiwe uliyemwandikia kwamba hayupo.

Nimeuliza njia za kulirekebisha jambo hili. Ipo moja. Kisiwa kikiwa na jina linalojulikana na wenyeji, hakiwezi kukodishwa kama ardhi isiyo na mwenyewe. Watu wawili wa kijijini wanapaswa kusimama mbele ya kamati, walitaje jina lake kwa sauti, nalo linaswe na mashine. Mwisho wa kusikilizwa ni tarehe 30 Juni. Mkuu wangu, Bwana Sutrisno, ameniambia tusijisumbue. Alisema, "Waambie waseme Mchanga Mweupe. Tunavyo vingi vya jina hilo. Kimoja zaidi hakitamdhuru mtu."

Mjomba, nakuomba. Sema Mchanga Mweupe. Sema lolote.

Mpwa wako,
Yustina


Sirwat
17 Machi 2014

Mpwa wangu Yustina,

Natumaini barua hii itakukuta huna homa wala hasira, na kama moja ni lazima ubaki nayo, basi baki na hasira. Unayo haki. Mimi nina afya. Usingizi sina.

Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimeisahau karatasi ile kama mtu anavyosahau mahali alipotema mate. Walikuja vijana wawili wa serikali wakitaka mtu wa kuwaonyesha visiwa, nami nikawachukua katika mtumbwi wangu. Tulipofika karibu na Kule, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kile kinaitwaje?"

Wewe unajua, lakini acha niandike ili nijisikie nikisema. Jina la Kule hutajwa mara tatu, kulekule, mbele ya kaburi lililo wazi, ili wenyeji wake wajue kwamba kuna mgeni wa kupokewa. Ukilitaja bila jeneza, wataamka, watamtafuta mgeni, na wakimkosa watamchukua aliye karibu. Kwa hiyo mgeni akiuliza, hujibiwa kwamba hakina jina. Ndivyo baba alivyonifundisha, na ndivyo mama yako alivyofundishwa. Nilijibu kama ilivyopasa kujibu. Kijana akaanza kuandika, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba nilimnyang'anya kalamu nikaandika mwenyewe.

Hilo naweza kulitetea. Lakini mahali pa wakazi napo niliandika "Hakuna," na hapo sina mila ya kujifichia. Waliniuliza ni wangapi wanaokaa pale, nami nikawahesabu wanaopumua tu.

Kwa siku nne baada ya barua yako sikutoka nje. Siku ya tano nikaenda kwa mkuu wa kijiji nikamwomba aite mkutano. Walikuja wote, wa kanisani na wa msikitini. Nikasimama nikawasomea fomu kama ulivyoinukuu, neno kwa neno, na sahihi yangu.

Kisha Mama Salma akainuka. "Mwalimu," akasema, "ulinichapa darasa la tatu kwa kusahau nukta. Mimi nukta, wewe kisiwa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi.

Mkuu wa kijiji akasema tumwachie Mzee Agapitus, ndiye anayeijua sheria ya zamani. Agapitus ana miaka themanini na sita na haoni vizuri. Aliuliza nimesimama upande gani, akanigeukia. "Umeandika kwamba hakuna anayekaa pale?"

"Nimeandika."

"Basi nenda ukakae. Neno ulilolifanya uongo, lifanye tena kweli kwa makalio yako."

"Mpaka lini, mzee?"

"Wewe ndiwe mwalimu. Mpaka watakapojua kuhesabu."

Nimeikubali hukumu. Kesho nahamia Kule na chungu, chandarua, turubai na mfuko wa enbal kavu. Nina miaka sabini na nne na sijawahi kutumikia adhabu iliyonipendeza namna hii.

Kuhusu hilo la Mchanga Mweupe, jibu langu ni hapana. Umempenda mama yako. Je, ungekubali aandikwe kwa jina la mwanamke mwingine ili apate nafasi kwenye orodha? Uongo niliokwisha kuandika unanitosha. Mwambie Bwana Sutrisno mchanga wetu si mweupe hata hivyo. Ukitazama vizuri una rangi ya unga wa muhogo.

Mjomba wako,
Paskalis


Jakarta
7 Aprili 2014

Shikamoo mjomba,

Unaendeleaje na turubai? Umezichukua dawa zako za shinikizo la damu, au umeziacha mezani ukidai kwamba adhabu haiendi na dawa? Nijibu kwa ukweli. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa nimehamishwa meza.

Ilikuwa hivi. Kampuni imeleta malalamiko ofisini kwamba "mzee mvamizi" amejenga kibanda kwenye kisiwa chake. Bwana Sutrisno aliisoma barua ile mbele yetu sote, akauliza kwa mzaha kama kuna anayemfahamu mvamizi huyo. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ni mjomba wangu. Na kisiwa si chao."

Sasa nakaa ghorofa ya tatu, na lile kabati. Wenzangu wananipa pole ngazini, wakiwa wameangalia pembeni. Sijutii, mjomba. Nilishangaa tu jinsi sauti yangu ilivyotoka: ilikuwa sauti yako ya darasani, ile iliyokuwa ikinitoa jasho.

Lakini kuna jambo ambalo nimelibeba tangu nilipoiona fomu, na sina budi kulisema. Mimi najua jina. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipomzika mama. Nilisimama kati yako na Mzee Agapitus, na mlipoita mara tatu, nilisikia zote tatu. Sijawahi kulitamka. Usiku mwingine hulisema moyoni ili nisilisahau, kisha huogopa mpaka asubuhi.

Kompyuta ya orodha iko meta mbili kutoka nilipoketi. Naweza kuliandika kwa dakika moja, na hakuna atakayejua mpaka Juni iwe imepita. Najua kwamba wanaweza kulifuta na kunifukuza. Lakini kwa muda fulani litakuwepo.

Niambie niandike, mjomba. Neno moja tu, nami nitafanya.

Mpwa wako,
Yustina


Kule
28 Aprili 2014

Mpwa wangu Yustina,

Usiandike.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na ni mara ya kwanza maishani mwangu kufanya hivyo, kwa kuwa niliogopa utaifungua barua hii mbele ya mashine hiyo. Sasa salamu. Sijambo. Dawa nazinywa, Mama Salma huja nazo kila Jumatatu, hukaa mpaka nimeze, kisha hunitaka nifungue kinywa aone. Umefanya vyema kunyoosha mkono. Sina la kusahihisha.

Jina si mali yangu wala si mali yako. Tulisikilizishwa tu, mimi na wewe na kila aliyesimama kwenye kaburi. Mtu mmoja hawezi kulitoa akiwa peke yake chumbani, hata kama nia yake ni njema. Mimi pia nilikuwa na nia njema nilipomnyang'anya yule kijana kalamu.

Sasa nikueleze mambo ya huku. Alhamisi mashua ya kampuni ilirudi ikiwa imebeba mbao. Aliyeiendesha ni Idris, mtoto wa marehemu Hamza, kwa kuwa yule dereva wao wa mjini hajui njia ya kupita kati ya miamba. Walipofika karibu na mti wenye hawear, Idris akazima injini. Maji yalikuwa shwari, nikasikia kila neno.

"Mbona umezima?" akauliza Hendrawan.

"Kuna hawear, bosi."

"Ni jani la mnazi."

"Ndiyo, bosi."

"Washa twende. Nakulipa kupita."

"Unanilipa kuendesha. Kupita hilo, hata baba yangu angefufuka akanilipa, singepita."

Hendrawan akasema maneno ambayo siyaandiki. Kisha akarukia majini na suruali yake, yakamfika kifuani, akatembea mpaka ufukoni, akachomoa kisu akalikata kuti. Nikamwendea. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikampa kikombe cha chai. Akakipokea. Nikamwambia, "Bwana, umefanya jambo la kijinga kwa ujasiri mwingi."

"Mwalimu," akasema, "mimi nina bosi wangu. Nikirudi mikono mitupu ananifukuza."

"Nami wa kwangu wako chini ya miguu yako. Nikiondoka hapa nitawajibu nini?"

Akamaliza chai, akarudi majini. Mbao hazikushushwa. Kesho yake wakaja wanawake, wa Sirwat na wa kijiji cha pili, wa rozari na wa maulidi, kila mmoja na kuti lake. Wamefunga hamsini na saba. Kisiwa kimevaa kama bibi harusi. Mama Salma alisimama akatazama, akasema, "Haya, na akate. Namsubiri achoke mkono."

Unaogopa kulisahau jina. Usiogope. Mtu anayeogopa kusahau hajasahau.

Mjomba wako,
Paskalis


Jakarta
2 Juni 2014

Shikamoo mjomba,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za Mei hukuzijibu. Mwanzo nilifikiri ni bahari, kisha nikafikiri ni goti, kisha nikaogopa kufikiri. Jana Idris alipanda kilimani kwenye mtandao akanipigia. Amesema polisi walikuja Kule tarehe 23 na kukupeleka mjini kwa kosa la kuvamia, na kwamba uko mahabusu mpaka sasa. Unakula? Unalala juu ya nini? Mama Salma anafikaje huko na dawa?

Idris aliniambia jambo jingine ambalo sikulielewa. Amesema wamekupa karatasi, ukitia sahihi unaachiwa palepale, nawe unakataa. Mjomba, tia sahihi. Ni karatasi tu. Tia sahihi, rudi nyumbani, unywe dawa zako. Sitaki kusimama tena kwenye kaburi lililo wazi nikisikia jina lile, si mwaka huu.

Mimi nami sikukaa bure. Huku kwenye kabati nina muda mwingi, nimesoma kanuni zote za kamati tangu ukurasa wa kwanza, kazi ambayo nadhani hakuna aliyewahi kuifanya. Kanuni ya kumi na nne inasema kwamba jina litasikilizwa mahali linapotumika. Haisemi ofisini. Haisemi mjini. Nimeandika ombi rasmi kamati ije Kule, nikalipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti, Bibi Ratnasari, bila kupitia kwa Bwana Sutrisno. Hajajibu.

Tafadhali, tia sahihi.

Mpwa wako,
Yustina


Mahabusu, mjini
12 Juni 2014

Mpwa wangu Yustina,

Barua yako nimeletewa na Sajini Melkianus, ambaye nilimfundisha darasa la tano. Aliileta ikiwa haijafunguliwa, akasimama wima aliponipa. Usihangaike juu yangu. Nalala kwenye kitanda cha sajini mwenyewe, naye analala juu ya benchi, tumebishana sana juu ya hilo na nimeshindwa. Chakula naletewa na Mama Salma: enbal, samaki, na mwani wa lat uliotiwa nazi. Huwapa polisi nao, kisha huwauliza wanajisikiaje kumfunga mzee huku wakila chakula chake.

Umeniomba nitie sahihi, na wewe si mtu wa kuniomba jambo mara mbili katika barua moja. Kwa hiyo nitakueleza karatasi inavyosema. Inasema: "Mimi, Paskalis Renwarin, nilikutwa nikiishi bila kibali katika kisiwa kisicho na jina."

Basi. Mstari mmoja. Siku ya kwanza Melkianus alinisomea, nikamwambia sitatia sahihi.

"Mwalimu, ni kweli au si kweli kwamba ulikuwa ukiishi pale?"

"Ni kweli."

"Na kibali ulikuwa nacho?"

"Cha Mzee Agapitus."

"Hicho hakina muhuri. Sasa tatizo liko wapi?"

"Maneno matatu ya mwisho."

Akayasoma tena. "Basi taja jina, mwalimu, niandike. Nakuachia sasa hivi."

"Jeneza liko wapi?"

Melkianus ni mtu wa Kei. Alinitazama, akaweka kalamu chini, akatoka nje kuvuta sigara. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Lakini hati ya mashtaka haiwezi kwenda kwa hakimu bila kuonyesha mahali kosa lilipotendeka. Aliandika "kisiwa fulani," ikarudishwa. Akaandika "karibu na Sirwat," ikarudishwa. Sasa ameiacha wazi, nayo imerudishwa tena na alama ya kuuliza. Hawana pa kunishtakia. Wakitaka niwe nimekosa mahali fulani, lazima kwanza pawe mahali.

Yustina, maneno yale niliyaandika mara moja, kwa kiburi cha mwandiko mzuri, na umeona yalivyotuleta hapa. Nikiyatia sahihi mara ya pili, hawatahitaji kabati wala fomu ya zamani. Watasema mzee mwenyewe amekiri. Mama yako atahamishwa kwa toroli, na toroli nitakuwa nimeisukuma mimi. Nina umri wa kutosha kufa humu, na sina umri wa kutosha kufanya vile.

Sitatia sahihi. Nisamehe kwa hofu ninayokutia.

Mjomba wako,
Paskalis


Jakarta
18 Juni 2014

Shikamoo mjomba,

Nafuta nilichoandika. Usitie.

Bibi Ratnasari amekubali. Kamati inakuja.

Mpwa wako,
Yustina


Kule
27 Juni 2014

Mpwa wangu Yustina,

Salamu kutoka chini ya turubai langu. Niliachiwa Jumatatu. Hakimu alisema hawezi kumshikilia mtu kwa kosa lililotendeka pasipo mahali. Nimekonda kidogo, lakini goti limepumzika na sasa halilalamiki. Nawe u mzima? Barua yako ya mistari miwili ndiyo bora kuliko zote ulizowahi kuniandikia.

Kamati ilifika leo asubuhi: Bibi Ratnasari, mwandishi wake, na kijana wa kubeba mashine. Hendrawan alikuja katika mashua hiyohiyo akiwa na mwanasheria. Idris aliwaleta, na alipofika kwenye makuti akazima injini kama kawaida yake.

"Hapa tunaomba, bibi," akasema.

Hendrawan akaanza kueleza kwamba si lazima, ni desturi tu za watu. Bibi Ratnasari alisimama ndani ya mashua, mkono mmoja begani kwa Idris asianguke, akapaza sauti: "Wenyewe mpo? Tunaomba kuingia."

Mama Salma alikuwa mbele yetu, na watu wote wa Sirwat nyuma yake. "Mmekuja kwa heri au kwa toroli?"

"Kwa heri."

"Vueni viatu."

Wakavua, wakashuka. Mwandishi alikuwa ameanza kuandika hata kabla miguu yake haijakauka, nikamwona anaandika kwamba kamati iliomba ruhusa kwa wakazi ikapewa. Mwanasheria wa Hendrawan akaliona pia, akaruka. "Bibi mwenyekiti, napinga. Kisiwa hiki hakina wakazi."

"Kama hakina," akasema Bibi Ratnasari, "mimi nimemwomba nani ruhusa?"

Tukaketi. Aliniita kwanza. Nikamwambia fomu ya 2006 niliijaza mimi, na kwamba mahali pa wakazi nilisema uongo. Nikaanza kuwahesabu mbele yake, kaburi kwa kaburi, nikitaja nani ni nani na alikufa kwa nini. Ni mia moja na sita. Ilichukua saa nzima na hakuna aliyenikatiza. Nilipomfikia mama yako nilimwachia Mama Salma amalizie.

Kisha kijana akawasha mashine, na Bibi Ratnasari akaomba jina.

Mzee Agapitus akasema hapana. Wataamka, hakuna jeneza, watamchukua mtu, na yeye mwenyewe ndiye aliye karibu kuliko wote. Wengi wakaitikia. Ndipo Mama Salma akainuka tena, akajifunga kanga ya kichwani upya.

"Nyinyi mnaogopa waamke," akasema. "Mimi nasema waamke! Sisi ni wachache, wale wana mashua, wana mwanasheria, wana bosi Jakarta. Tangu Januari tunafunga makuti peke yetu wao wamelala. Waiteni! Waje wasaidie!"

Kisha watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na wanaongea mpaka sasa ninapoandika, huku jua likitelemka. Nusu wanataka liitwe, nusu hawataki. Mimi nimeulizwa nami nimesema sijui, neno ambalo wengi wao hawakuwahi kulisikia kinywani mwangu.

Tumekubaliana jambo moja. Kila mwenye mzazi aliyelala hapa ana sauti, hata aliye mbali. Watu kumi na tisa wako mbali, nao wataandikiwa. Waliniomba nisemee upande wa mama yako. Nimekataa, kwa sababu nilikwisha kumsemea mara moja. Yeye ana mtoto. Niandikie unasemaje, ndiyo au hapana, wala usitafute ninalotaka mimi katika mistari hii, maana halimo.

Bibi Ratnasari alisema tarehe 30 haitatuzuia, kwa kuwa shauri likishaanza kusikilizwa halifungwi mpaka liishe. Akauliza tutamaliza lini. Nikamweleza kwamba barua huchukua wiki kwenda na wiki kurudi, na wengine wako Papua, ambako huchukua zaidi. Akamwambia mwandishi aandike kwamba kamati inasubiri wenyeji. Nimeitazama sentensi hiyo. Haina kosa.

Hendrawan hakuridhika. Akauliza, "Na wakiamua kutolitaja kabisa? Orodha itasemaje?"

Mama Salma akamwambia, "Itasema kina jina, na wewe hukuambiwa."

Hapo ndipo tulipo. Uamuzi ukishapatikana, wowote ule, nitakuandikia.

Mjomba wako,
Paskalis